Vidonge Nilivyoviita Pipi

Rehema, ulipopokea ufunguo wa kabati la dawa uliniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini vidonge vya damu nahesabu mara mbili na dawa nyingine zote nahesabu mara moja. Pili, nani aliyeweka kufuli la kabati juu namna ile, mpaka wewe mfupi unalifikia kwa ncha za vidole. Nikakujibu yote ni uzee. Haikuwa kweli. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye tangi la maji, na jibu lenyewe ni refu kuliko foleni. Sasa nipo nyumbani, kuku wamekula, mtama umeanikwa, na kiunoni sina ufunguo wowote. Hujui mtu anavyolala vizuri kiunoni kukiwa hakuna ufunguo. Kwa hiyo nakuandikia, usome na wenzako mliobaki pale zahanati. Mwandiko ni wa darasa la nne, mnivumilie. Ila majina nayakumbuka yote, msije mkasema bibi amechanganya watu.

Habari za vyeo naziruka. Niliingia mfagiaji, nikatoka mhudumu wa afya, na sakafu niliyopiga deki siku ya kwanza ndiyo niliyopiga deki siku ya mwisho.

Siku ya kwanza nilipokewa na nesi Tekla. Alikuwa mfupi kama wewe, mzaliwa wa Busega upande wa Kalemela, na miaka yote aliyokaa huku kwetu alilalamika kwamba samaki wanamfikia wakiwa wamezeeka. Alinipa ndoo, kitambaa na amri moja: "Safisha kabati la dawa, mpaka ndani." Halafu akaingia kumzalisha Ng'walu, mke wa Sayi, aliyekuwa ameletwa kwa mkokoteni.

Nikatoa makopo yote. Moja lilikuwa kubwa, la plastiki, lina vidonge vyekundu, na ndani kumejaa vumbi jekundu. Vingine vilikuwa vimeshikana kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Nikaona hivi ni vichafu. Nikavimwaga kwenye beseni, nikavisuuza. Maji ya kwanza yakatoka mekundu, nikayamwaga. Ya pili mekundu. Nilipoweka ya tatu vidonge vilikuwa vimebaki vya kijivu, vinapukutika kama udongo wa kichuguu, na mikono yangu ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuchinja.

Tekla akatoka kwa Ng'walu, akasimama mlangoni, akatazama beseni.

"Mbuke, umefua dawa?"

"Vilikuwa vichafu, nesi."

"Na panadoli utazipiga pasi?"

Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Alichukua kidonge kimoja kilichokuwa kimebaki chini ya kopo, kikavu, chekundu, akanipa. "Lamba. Usimeze, lamba tu."

Nikalamba. Kilikuwa kitamu kweli.

"Endelea."

Nikaendelea mpaka utamu ukaisha, nikatema.

"Umeonja nini?"

"Msumari."

"Ndicho chenyewe," akasema. "Hicho ni chuma. Wamekitengeneza kwa namna ambayo tumbo linaweza kukipokea, halafu wakakivika sukari ili mjamzito akubali kukimeza. Mtu mzima akimeza kimoja kwa siku kinajenga damu. Mtoto akimeza vingi kwa mara moja kinamchoma tumbo, kinaingia kwenye damu, kinafika kwenye ini. Mimi chuma hakinitishi, Mbuke. Kinachonitisha ni hiyo sukari."

Yaliyobaki alinifundisha siku hadi siku, na ndiyo hayo unayoyaona mimi nikiyafanya ukadhani ni mazoea tu. Kopo hufunguliwa kwa mkono mkavu na kufungwa papo hapo, kwa sababu kidonge kikipata unyevu kinatoka jasho na rangi inachuja. Hakikai rafu ya juu kabisa chini ya bati, joto la Oktoba linakiharibu. Hesabu kwa kijiti na trei, usihesabu kwenye kiganja. Usichanganye kopo la zamani na jipya hata kama zimebaki punje tatu. Mama umwambie choo kitakuwa cheusi, asiogope. Tumbo likimsumbua, ale kwanza ndipo ameze. Asimeze na chai wala maziwa, aache saa moja au mbili zipite. Ameze na maji ya ukwaju au ndimu, mwili unakipokea vizuri zaidi. Hapo kwenye maziwa ndipo tulipopata kazi. Kwetu kumwambia mtu asimeze kitu na maziwa ni kama kumwambia asimeze na mate.

Na jambo moja alilirudia mara nyingi mpaka likanichosha. "Dawa hii ni mwongo," alikuwa akisema. "Mtoto akiimeza atatapika, ataharisha, halafu atatulia. Atacheka, ataomba uji, mama yake atasema amepona. Hapo ndipo inapojipanga. Yeye akitulia, wewe usitulie." Nilimjibu "ndiyo nesi" miaka yote ile bila kumwona hata mtoto mmoja wa namna hiyo.

Tekla alihamishwa kurudi kwao Busega, akafurahi, akaenda kula samaki vijana. Mimi nikabaki na trei.

Nikwambie ukweli, kazi ya vidonge vya damu wakati ule haikuwa kuvigawa, ilikuwa kuwafanya watu wavimeze. Akina mama walivipokea kwa mikono miwili, wakasema "wabeja", yaani ahsante, wakaenda kuvitupa kwenye mahindi ya watu. Wengine walisema mtoto atakuwa mkubwa mno tumboni, atashindwa kutoka. Wengine walikimbia choo cheusi. Mzee Gamaya alichukua vya mkewe akampa ng'ombe aliyekonda, na ng'ombe alipopata nafuu akaja kuniomba vya wengine kumi na wanne. Wasichana wa upande wa kisimani walivilowesha wakapaka midomo. Na hao wajawazito waliovikataa ndio hao hao waliokuwa wakila udongo kwa siri, macho meupe ndani, wanapumua kama wamebeba gunia. Holo, binti wa Ngasa, alikufa kwenye uzazi akiwa na vidonge vyake vyote kwenye kibuyu, hajagusa hata kimoja. Huyo simsahau.

Ndiyo maana nilipopata neno linalofanya kazi nililing'ang'ania.

Siku hiyo ya kliniki alikuja Minza, mke wa Masanja, wa kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa na mapacha wa miaka miwili, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, na tumboni ameshabeba Shija, jina la kwetu la anayezaliwa baada ya mapacha. Macho yake yalikuwa meupe kama pamba. Nikampa kimfuko chake, akakirudisha mezani.

"Vinanuka chuma, mayu," akaniambia; mayu ni mama, na kwetu hata mtoto wa kike huitwa hivyo.

"Umevilamba?"

"Nivilambe kwani ni pipi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, ni pipi. Hizi ni pipi za mama. Lamba uone."

Akalamba, akacheka. Waliokuwa nyuma yake kwenye benchi wakacheka, wakataka na wao kulamba. Wiki iliyofuata wakaja wawili nisiowajua, wakasema, "Tumefuata pipi za mama." Baadaye ikawa ndilo jina. Watu wakameza. Macho yakaanza kuwa mekundu ndani. Tabibu wetu, Elikana, kijana mpole aliyevaa soksi hata kiangazi, akaniambia, "Bi Mbuke, hili neno lako limefanya kazi kuliko mabango yangu yote." Nikavimba kichwa.

Tekla alipopita siku moja kutusalimia akasikia mama mmoja akiomba pipi. Akaningoja mpaka tukabaki wawili.

"Mbuke, dawa ina jina lake."

"Wanameza sasa, nesi. Zamani walikuwa wanatupa."

"Nimesikia. Ila jina hilo halisikiwi na mama peke yake."

Nikaona ni wivu. Mungu anisamehe, nilimwona anaona wivu.

Sasa msimu wa kuvuna pamba ukafika. Wewe wa mjini hujui, wakati ule nyumba yote inahamia shambani tangu alfajiri, na pamba inajazwa mpaka chumba cha kulala. Minza alikuwa amechukua kwangu vidonge thelathini. Siku ya nne yake, jua likiwa utosini, nikasikia baiskeli inakuja kwa kasi. Masanja anaendesha, Minza nyuma ameshika mtoto, na mbele kwenye bomba amekaa binti yao mkubwa, Kabula, wa miaka mitano, hana viatu.

Mtoto alikuwa Kulwa. Alikuwa ametapika mpaka gauni la mamaye limekuwa jekundu kifuani. Nilidhani ni damu. Nikanusa. Haikuwa damu.

"Kakuta zile pipi," Minza akasema. "Niliziangika kwenye msumari ukutani. Nimetoka shamba nimekuta anatapika. Nimemnywesha maziwa."

Sijui kama umewahi kusikia neno lako mwenyewe linakurudia kutoka kwenye kinywa cha mtu anayelia. Lakini Elikana alikuwa ameshamlaza mtoto kitandani anatafuta mshipa, akaniita kwa sauti ya kawaida tu, "Bi Mbuke, shika mkono." Nikashika mkono.

"Kameza ngapi?" akauliza.

Minza hakujua. Ila alikuja na kimfuko chenyewe, amekikunja kwenye kanga. Hilo alilifanya vizuri sana, na ninyi muwaambie watu: waje na mfuko, waje na kilichobaki, wasije mikono mitupu. Wala wasimtapishe mtoto kwa vidole, wala wasikae kungoja aone nafuu.

Drip ikaanza kuingia. Baada ya muda Kulwa akaacha kutapika. Akafumbua macho, akamtazama baba yake, akaomba maji. Halafu akaona soksi za Elikana akacheka. Masanja akashusha pumzi. Minza akaanza kufunga kanga.

"Amepona," akasema. "Wabeja mayu. Ngoja nimrudishe, Doto nimemwacha amelala."

Hapo nikamsikia Tekla kama yuko mlangoni. Yeye akitulia, wewe usitulie. Nikasema, "Hapana, mayu, hajapona. Dawa hii ni mwongo. Mtoto anakwenda Bariadi." Elikana akanitazama, akatikisa kichwa kukubali, akatoka kutafuta gari.

Mimi nikakaa na kile kimfuko. Nilichoweza wakati ule kilikuwa kuhesabu tu, nikachukua trei nikahesabu. Vidonge kumi. Nikahesabu tena. Kumi. Nilitoa thelathini, Minza amemeza vinne. Vingebaki ishirini na sita. Kwa hiyo vilivyopotea ni kumi na sita, na mtoto yule alivyokuwa mdogo, kumi na sita ilikuwa ni nyingi mno kwa namna alivyokuwa anacheka.

Nikamgeukia Kabula. Alikuwa amekaa chini pembeni ya mlango, ameikumbatia miguu yake, hakuna aliyemsemesha tangu wafike. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwambia, salamu yetu ya asubuhi, ingawa ulikuwa mchana.

Akaitika kwa sauti ndogo.

"Pipi ulizitoa wewe?"

Akatazama mama yake. Nikamwambia asimtazame mama, anitazame mimi.

"Nilipanda kigoda," akasema. "Kigoda nikakiweka juu ya gunia."

"Ukampa Kulwa."

"Kulwa alikuwa analia."

"Uligawaje, mayu?"

Hapo aliniangalia kama vile nimeuliza swali la kijinga. Na kweli lilikuwa la kijinga. Ni nani kwetu asiyejua mapacha wanagawiwaje? Mapacha, mabasa kama tunavyowaita, hawapunjwi. Ukimpa mmoja kiazi, mwenzake kiazi. Ukimpiga mmoja, na mwenzake unamgusa kidogo ili isiwe shida. Mtoto wa Kisukuma analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

"Moja ya Kulwa, moja ya Doto," akasema Kabula. "Moja ya Kulwa, moja ya Doto. Mimi sikula. Zilikuwa za mabasa."

Kumi na sita. Nane na nane.

Minza akasema, "Lakini Doto hakutapika."

"Alitapika," Kabula akasema. "Kidogo. Nikafukia. Halafu akalala."

Sikungoja. Nje alikuwepo Limbu, kijana wa pikipiki aliyeleta mgonjwa wa jino, nikapanda nyuma yake kabla hajaniuliza nakwenda wapi. Masanja alitangulia na baiskeli, tukampita kabla ya mto. Limbu alikuwa anaendesha kama mwendawazimu siku zote na siku zote nilikuwa namgombeza. Siku ile nilimwambia ongeza.

Doto alikuwa amelala juu ya pamba. Chumba kizima kilikuwa cheupe mpaka dirishani, na yeye katikati, gauni lake la bluu, mdomo una rangi nyekundu kidogo pembeni. Ungemwona ungesema mtoto amelala usingizi mzuri wa mchana. Nikamgusa mkono, wa baridi. Miguu ya baridi. Moyo unakwenda mbio kama wa kifaranga. Nikamwita, akafumbua jicho, akalifumba. Kwenye shavu lake nyuzi za pamba zilikuwa zimenasa, nikawa nazitoa huku nakimbia naye, sijui kwa nini, kana kwamba hizo ndizo zilizokuwa zinamwumiza.

Limbu akaturudisha zahanati, na gari Elikana alilolipata lilikuwa lori la kununua pamba. Dereva wake, Yohana, alishusha nusu ya mzigo barabarani bila kubishana, tukapanda juu ya iliyobaki: Minza na Kulwa, mimi na Doto, Elikana amesimama katikati ameshika chupa mbili za drip juu kama mtu anayesalimisha silaha. Kabula alibaki na baba yake. Njia nzima Kulwa alikuwa anaongea. Njia nzima Doto hakusema kitu. Na Minza, aliyekuwa akimbembeleza yule anayeongea, polepole akageuka akawa anamtazama yule aliyenyamaza.

Bariadi tulipokewa na Daktari Stella, mama mrefu, mkavu wa maneno. Nikamwambia yote kwa mpangilio, nane na nane, na saa zake. Akasema, "Umejuaje ni nane?" Nikasema, "Mapacha hawapunjwi." Hakuwa Msukuma, ilibidi Elikana amweleze.

Wakapigwa picha ya tumbo. Nilikuwa nimezoea kwamba picha inaonyesha mifupa. Daktari Stella aliiinua kwenye dirisha, akatuonyesha. Mifupa ya Doto ile pale, myembamba kama ya samaki, na chini yake vitone vyeupe vitano, vimekaa kama punje za mahindi.

"Hivyo ni vidonge," akasema. "Chuma kinaonekana kwenye picha. Vingine vimeshayeyuka."

Kulwa alikuwa na viwili tu, vilivyobaki alivitapika kwenye gauni la mama yake. Basi yule tuliyemkimbiza ndiye aliyekuwa na nafuu, na yule tuliyemwacha amelala ndiye aliyekuwa anakufa.

Waliwapitishia mpira puani, wakawasafisha tumbo kwa maji ya dawa mpaka yanayotoka yakawa meupe kama yanayoingia. Doto wakamtundikia na dawa nyingine inayonasa chuma kwenye damu na kukitoa kwa njia ya mkojo. Baadaye mkojo wake ukawa na rangi ya maji ya ukwaju. Minza akapiga kelele.

"Anakojoa damu!"

"Anakojoa chuma, mama," Daktari Stella akasema. "Mwache akojoe."

Kazi yangu ikawa kuangalia nepi. Nilikaa pale siku mbili naangalia nepi. Rangi ya ukwaju, rangi ya ukwaju, rangi ya chai, rangi ya chai hafifu. Asubuhi ya siku ya tatu nilifungua nikakuta ya kawaida kabisa, maji ya mtoto. Nikampelekea Daktari Stella nepi mkononi kama mtu anayepeleka cheti. Wakati huohuo nyuma yangu nikasikia Doto analia, analia kwa hasira kwa sababu Kulwa anakula uji na yeye hajapewa. Minza akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Mpeni, mpeni, hawapunjwi hao." Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu kama siku ile, na ninao wajukuu kumi na mmoja.

Tuliporudi nilikuwa mwepesi mwili, lakini jambo moja lilikuwa bado. Nilimaliza siku mbili nalizungushazungusha, ya tatu nikaenda ng'ambo ya mto kwa miguu. Niliwakuta Masanja na Minza wanafunga pamba. Nikawaambia nimekuja kusema kwamba kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeziita pipi.

Masanja aliendelea kukanyaga pamba. Nilidhani ataninyooshea njia. Minza ndiye aliyejibu.

"Na mimi niliziita hivyo, mayu. Kila asubuhi. Nilikuwa nawaambia, mama anakula pipi yake, msimsumbue."

"Neno lilikuwa langu."

"Msumari ulikuwa wangu."

Masanja akasema kutoka kwenye pamba, "Na gunia lilikuwa langu. Mkimaliza kugawana mje mnisaidie kufunga." Hivyo ndivyo alivyonisamehe, kwa kunipa kazi.

Lakini Kabula hakuwepo pale. Mama yake alisema tangu siku ile hagawi kitu. Akipewa kiazi awakatie wadogo zake anakiweka chini anaondoka. Nikamkuta nyuma ya zizi. Nikakaa chini, na magoti yangu haya kukaa chini ilikuwa safari.

"Kabula, aliyekosea ni mimi. Wewe uliambiwa ni pipi. Ungeambiwa ni chuma ungegawa?"

Akatikisa kichwa.

"Na unajua Doto aliponaje? Tulijua amemeza nane kwa sababu wewe uligawa sawa. Ungempunja, ungempendelea, tusingejua. Tungemwacha kwenye pamba."

Akafikiri. Akauliza, "Ningempa tatu angekufa?"

Nikamwambia sijui, lakini ukweli wa mkono wake ndio uliotupa njia. Jioni, ninaaga, Minza akaniletea kiazi cha kunisindikiza njiani, na Kabula akakichukua mkononi mwa mama yake, akakivunja katikati. Nusu akanipa mimi. Nusu akavunja tena, ya Kulwa na ya Doto. Akavipima kwa macho, kimoja kikawa kikubwa, akamega kidogo akala mwenyewe ili vilingane. Nilitembea mpaka nyumbani nakula kile kiazi polepole.

Tangu hapo sikuita dawa pipi tena. Nilisema "chuma". Kliniki nilichukua msumari nikauweka mezani kando ya trei, nikawaambia, "Huu na hiki ni ndugu. Kimoja kwa siku ni cha kwako. Watoto wako hawana chao humu." Wachache wakarudi kutupa, ikabidi nianze upya kuwabembeleza mmoja mmoja, macho kwa macho, nikiwatajia Holo binti wa Ngasa. Ilikuwa kazi ndefu na haina neno la mkato. Nikataka kila mama aje na kikopo chenye kifuniko kigumu. Sasa vidonge vinakuja vimefungwa kimoja kimoja kwenye karatasi yake, ni afadhali, lakini msitegemee karatasi. Mtoto anayeweza kupanda kigoda juu ya gunia hashindwi na karatasi. Na akiletwa mmoja amemeza, ulizeni watoto wa nyumba nzima wako wapi, hasa aliyelala. Tekla nilimtumia salamu Busega kwamba alikuwa sahihi. Akanijibu kwa mdomo wa dereva: "Nilijua. Tuma kuku." Nikatuma.

Sasa, Rehema, ile Ijumaa. Unamkumbuka msichana wa gauni la njano, mimba ya kwanza, aliyekuja na kikopo cha chuma? Ulimwuliza kama anajua hivi vidonge ni vya nini, akakujibu, "Ni chuma, dada. Kinaonekana kwenye picha." Ukanitazama kana kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Yule ni Doto. Nilihesabu thelathini, nikafunga trei, akasema, "Rudia, bibi," nikarudia. Ndipo uliponiuliza.

Kabula naye ni mwalimu wa chekechea huko Mwamanyili. Nasikia hakuna mtoto anayelia pale wakati wa uji.

Na Kulwa ni fundi wa kuchomelea hapo Bariadi, mageti na madirisha, chuma hakijamwacha. Bati la zahanati lilipobadilishwa na lile kabati la mbao likaonekana limeliwa na mchwa, yeye ndiye aliyetutengenezea hili la chuma ulilokabidhiwa. Alipolileta nikamwambia, mjukuu wangu, mbona kufuli umeliweka huko juu, mimi mwenyewe nalifikia kwa taabu. Akalipapasa kama fundi anavyopapasa kazi yake.

"Nimelipima, bibi," akasema. "Gunia, kigoda, halafu Kabula. Nikaongeza kiganja kimoja."

Kwa hiyo tafuta kitu cha kupandia, mwanangu. Ukimaliza kukitumia, kifungie. Kufuli usilishushe.